Picha Namba 413

Damu haikuwa nyingi. Doa moja lilikuwa kwenye kona ya meza ya skana, jingine sakafuni, kubwa kama kisahani cha chai. Mwalimu aliyeanguka pale alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji, na daktari alikuwa amemwambia Sajini kwenye simu asitegemee habari kabla ya jioni, na habari yenyewe asiitegemee kuwa njema.

Inspekta alisimama mlangoni, akakiangalia chumba kwanza bila kugusa kitu. Zamani kilikuwa stoo ya maktaba ya mtaa. Miaka mitatu iliyopita Mwalimu, mstaafu aliyefundisha historia maisha yake yote, aliomba ufunguo wake, akaleta kompyuta mbili za mtumba na skana, kisha akawaambia majirani watoe picha zilizolala kwenye masanduku yao. Wakaleta. Picha, barua, kadi za kliniki, vitambulisho vya kazi, sauti za bibi zao zilizorekodiwa kwa simu. Yote yalipandishwa kwenye tovuti waliyoiita Kumbukumbu, na watu wa mtaa waliohamia mbali wakawa wanaifungua asubuhi kabla hawajapiga mswaki.

"Hakuna kilichovunjwa, Afande," Sajini alisema. "Mlango wa nyuma Mwalimu huwa anauacha wazi akishafika, ili wenzake wapite. Kompyuta zipo. Simu yake ipo. Kilichokosekana kilikuwa humu."

Alionyesha sanduku la bati lililokuwa juu ya meza. Ndani yake bahasha ndogo za kaki zilipangwa kwa namba, kila moja na kipande cha filamu ya zamani, nyeusi, chenye picha nne. Mjane wa mpigapicha wa mtaa alikuwa amelileta wiki iliyopita. Bahasha ya kumi na nne ilikuwa tupu.

"Na kwenye tovuti?"

"Picha tatu za kipande hicho zipo. Ya nne, namba mia nne na kumi na tatu, imefutwa. Imefutwa leo saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa kompyuta hii hapa, kwa neno la siri la Mwalimu."

"Neno la siri liko wapi?"

Sajini aliinua kibodi. Chini yake palikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi. Inspekta akaguna.

"Kwa hiyo kila anayeingia humu analo."

Aliyemkuta Mwalimu sakafuni alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, mikono magotini. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na gauni lake lilikuwa na damu pale alipokipakata kichwa cha mzee akingoja gari la wagonjwa. Mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja. Miaka thelathini na miwili iliyopita kiwanda cha nguo kiliungua, wanawake kumi na tisa wakafia ndani kwa sababu geti la nondo la nyuma lilikuwa na kufuli. Bawabu alihukumiwa kwa kulifunga, akafa gerezani mwaka wa tatu. Fundi alikuwa binti yake.

"Ulifuata nini hapa asubuhi yote hiyo, dada yangu?" Inspekta aliuliza, akikaa pembeni yake.

"Mwalimu alinipigia jana, saa kumi na moja jioni. Akasema, njoo kesho saa moja na nusu, kuna kitu kinachomhusu baba yako. Nikamwambia anieleze basi. Akasema si cha kuelezwa kwenye simu."

"Hakusema ni picha?"

"Hakusema. Ila sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefunga mlango ili aongee."

"Na Ijumaa, nasikia una shauri. Lipi?"

Fundi aligeuka kumtazama. Hakutegemea swali hilo.

"Jopo la kupitia hukumu za zamani linakaa. Nimepeleka maombi mara mbili, yamerudi. Hii ni ya tatu na ya mwisho. Wakifunga faili safari hii, basi."

Sajini alimvuta Inspekta kando. "Afande, alikuwa peke yake na majeruhi. Tuseme alichoonyeshwa hakikumsafisha baba yake. Tuseme kilimkandamiza zaidi. Mtu aliyesubiri miaka yote hiyo anaweza kufanya lolote."

"Amesema alimpeleka mjukuu shuleni kabla ya kuja. Wapigie shule, uliza saa."

Sajini alipiga. Kitabu cha getini kilionyesha mtoto aliingia saa moja na robo, na bibi yake akatia sahihi. Kutoka shule mpaka maktaba ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Picha ilikuwa imeshafutwa.

Karani alifika wakati huo, saa mbili kamili kama kila siku. Alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, kalamu mbili mfukoni. Kiwandani alikuwa karani wa mahudhurio kwa miaka kumi na mitano, na hakuna sura iliyopita getini ambayo hakuijua. Ndiyo maana Mwalimu alimpa kazi ya kuandika majina chini ya kila picha. Alipoliona doa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Yuko hai?"

"Mpaka sasa," Inspekta alisema. "Mzee, picha namba mia nne na kumi na tatu ilikuwa ya nini?"

"Sikuifikia. Jana niliishia mia nne na kumi na mbili, macho yakanigomea, nikaenda kulala." Alifikiri kidogo. "Lakini kama ni mtu wa kumtilia shaka, someni alichoandika Nyapara. Kipo hapohapo kwenye tovuti."

Kilikuwepo, chini ya picha ya bomba la moshi la kiwanda: Waliokufa wamekufa. Wachimbaji, angalieni shimo lisiwafikie na nyie. Kiliandikwa Jumanne, saa mbili usiku, na mwandishi hakujificha. Alikuwa msimamizi wa zamu wa zamani, na mtaa ulikuwa haujaacha kumwita Nyapara.

Walimkuta hospitali ileile aliyolazwa Mwalimu, ghorofa ya chini, kwenye kiti kikubwa cha plastiki, mirija miwili ikimtoka mkononi kuingia kwenye mashine ya kusafisha damu. Nesi alifungua daftari lake kabla hajaombwa.

"Ameunganishwa saa kumi na mbili na nusu. Hakuna anayechomoka hapa akarudi bila mimi kujua."

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema.

"Marahaba. Mmekuja kwa sababu ya yale maandishi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Niliandika kwa hasira. Mkono huu hauwezi kumsukuma hata paka, mnaona wenyewe."

"Hasira ya nini?"

"Kila wiki wanapandisha picha za kiwanda. Kila wiki wajukuu zangu wananiuliza, babu, ulikuwa wapi siku ile. Nilikuwa kwenye ghala la pamba, upande wa pili. Nimechoka kusema."

Inspekta alivuta stuli, akakaa usawa wa macho yake. "Ufunguo wa geti la nyuma alikuwa nao nani?"

Mashine ilitoa mlio mmoja, nesi akaja akabonyeza kitu, akaondoka.

"Mahakamani ilisemwa bawabu," Inspekta aliendelea.

"Mahakamani niliulizwa bawabu alikuwa wapi saa saba mchana. Nikasema nilimwona karibu na geti la nyuma, na kweli nilimwona. Swali la ufunguo hakuniuliza mtu."

"Mimi nakuuliza."

"Bawabu alikuwa na wa geti kubwa. Basi. Wa nyuma ulikuwa unaning'inia kwenye msumari ofisi ya mahudhurio."

Sajini aliacha kuandika.

"Miaka thelathini na miwili, mzee," Inspekta alisema taratibu.

"Nilikuwa na watoto sita na kazi moja. Wakubwa walishasema ni bawabu." Alimgeukia Sajini. "Andika tu, binti. Nitasaini. Sasa hivi wa kunifukuza kazi hayupo."

Walirudi maktaba. Karani hakuwepo, alikuwa ameenda kumjulia hali Mwalimu, au ndivyo alivyomwambia mtunza maktaba. Inspekta alikaa mbele ya kompyuta, akavua saa ya mkononi na kuiweka mezani.

"Nifungulie orodha yote ya picha za jana. Nataka kuona maandishi ya Karani, moja baada ya jingine."

Picha mia nne na tano, majina matano. Mia nne na nane, majina kumi na moja, na maelezo kwamba wa nyuma aliyejificha uso ni mpishi wa kantini. Mzee yule hakuacha mtu bila jina. Hata mbwa wa mlinzi aliandikwa. Mia nne na kumi na mbili, majina manne. Mia nne na kumi na tatu ilikuwa haipo. Inspekta akateremka.

Mia nne na kumi na nne, majina saba. Mia nne na kumi na tano, majina mawili. Yakaendelea hivyohivyo mpaka mia nne na ishirini.

"Alituambia aliishia mia nne na kumi na mbili," Sajini alisema.

"Macho yalimgomea kwa picha moja tu. Tovuti inaonyesha nani alifungua nini?"

Sajini alihangaika na kipanya. Daftari la tovuti lilikuwa mistari midogo ya kijivu, tarehe na saa. Jumanne, saa kumi na dakika nne jioni, Karani alifungua picha namba 413. Saa kumi na dakika ishirini na sita aliifunga. Dakika ishirini na mbili, bila neno. Saa kumi na dakika hamsini, Mwalimu aliifungua.

"Mwalimu aliona pengo," Inspekta alisema. "Aliona mtu asiyeacha hata mbwa ameacha picha nzima. Akaiangalia vizuri. Ndipo akampigia Fundi."

"Na Karani alijuaje kwamba ameonekana?"

"Simu ya Mwalimu."

Baada ya kumpigia Fundi, Mwalimu alikuwa amepiga simu nyingine. Ilikwenda kwa Karani, dakika sita.

"Tumempata," Sajini alisema.

"Tumempata akidanganya. Picha hatuna, filamu hatuna, na Mwalimu hawezi kusema. Wakili yeyote ataniambia mzee wa miaka sabini na tatu alisahau tu." Inspekta aliinua macho. "Picha ilikaa kwenye tovuti tangu jana mchana mpaka leo asubuhi. Watu wangapi wanaingia humu kwa siku?"

"Mia tatu. Mia nne."

"Andika kwa herufi kubwa, ukurasa wa kwanza. Aliyehifadhi picha namba 413 aitume hapa."

Ilikuwa saa nne na dakika tano. Sajini alituma, kisha wakakaa. Simu ya hospitali ililia mara moja: upasuaji umekwisha, mgonjwa hajaamka. Mtunza maktaba aliweka vikombe viwili vya chai, vikapoa bila kuguswa. Sajini aliufungua upya ukurasa mara kumi, mara ishirini.

"Afande, Karani akijua tunaitafuta?"

"Anajua. Yeye pia anafungua tovuti."

Inspekta alituma konstebo wawili nyumbani kwa Karani, na mmoja hospitali, wodi ya Mwalimu.

Saa nne na dakika kumi na tisa ujumbe uliingia. Mwandishi alikuwa mkunga anayefanya kazi nchi nyingine, na alikuwa hajawahi kuandika chochote kwenye tovuti hapo kabla.

Niliihifadhi jana usiku. Wa tatu kutoka kushoto ni mama yangu mdogo. Kwetu hatukuwa na picha yake hata moja.

Picha ilifunguka taratibu kutoka juu kwenda chini. Kwanza ukuta uliopakwa rangi mpya. Kisha saa ya ukutani: saa nane na dakika kumi. Kisha ubao wa zamu, tarehe ya siku ya moto imeandikwa kwa chaki. Kisha geti la nondo, na nyuma ya nondo nyuso sita za wanawake wenye aproni, wawili wakimcheka mpigapicha. Mbele ya geti, ubavu kwa kamera, mwanamume mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni alikuwa ameshika kufuli kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa unageuza ufunguo.

Moto ulianza saa nane na nusu.

Sajini alisogea nyuma na kiti chake. Kabla hajasema kitu, ukurasa ukajaa. Wa pili aliituma kutoka mtaa wa nyuma tu. Wa tatu. Kufikia saa tano, watu tisa walikuwa wameituma ileile, kila mmoja na sababu yake ya kuihifadhi.

Karani alikamatwa wodini, kwenye kiti kando ya kitanda cha Mwalimu. Konstebo alisema alikuwa ameketi tu, ameshika ncha ya shuka, na aliposhikwa bega alisimama mwenyewe.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na feni isiyozunguka. Inspekta aliweka picha iliyochapishwa mbele yake, akaweka na karatasi tupu na kalamu.

"Hii moja ulituachia bila majina," alisema. "Fanya kazi yako, mzee. Kutoka kushoto."

Karani aliitazama picha, si kalamu. Sajini alitaka kusema kitu, Inspekta akamzuia kwa kidole.

"Wa kwanza ni Mama Pacha," Karani alisema hatimaye, na mkono ukaanza kuandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kitabu cha mahudhurio. "Wa pili tulimwita Kicheko. Wa tatu, yule mrefu, alikuwa anaimba kwaya. Wa nne ni mke wa seremala. Wa tano alikuwa bibi harusi, hata wiki mbili hazijapita." Kalamu ilisimama. "Wa sita..."

"Wa sita?"

"Alikuwa na mtoto mchanga. Alikuwa anapita geti la nyuma kila saa nane kwenda kumnyonyesha, mtoto aliachwa kwa dada yake ng'ambo ya barabara. Yeye na wengine. Ofisini wakasema wanawake wanatoroka kazi, geti lifungwe kila baada ya mapumziko. Waliniambia mimi." Alilaza kalamu mezani. "Agizo lilikuwa lao. Mkono ulikuwa wangu."

"Ulikuwa wapi moto ulipoanza?"

"Ofisini. Nilikimbia na ufunguo mfukoni. Nilifika barabarani ndipo nikaushika. Nikageuka, moshi ulikuwa umeshafunika uzio." Alitazama mikono yake. "Jioni wakauliza ufunguo wa nyuma uko kwa nani. Mtu akasema bawabu. Sikusema mimi kwanza, naapa. Nilikubali tu."

"Ulikubali mahakamani, kwa kiapo."

"Ndiyo."

"Na Kumbukumbu? Ulijitolea wiki ya kwanza kabisa. Hukukosa hata siku moja."

"Nilitaka niwe wa kwanza kuona kila picha." Alilisema bila kupandisha sauti. "Miaka mitatu nimezitazama zote. Nilikuwa namkumbuka yule mpigapicha, alisimama pale akimalizia filamu yake. Nilijua ipo mahali. Siku nyingine nilikuwa nasahau kwa nini nimekuja. Nilikuwa naandika majina yao, watoto wao wanaandika asante, nami nafurahi kama mtu mwema."

Inspekta alisogeza kiti mbele.

"Leo asubuhi."

"Mwalimu alinipigia jana. Hakunitukana. Alisema, binti wa bawabu anakuja saa moja na nusu, wewe njoo kabla yake, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Alinipa nafasi." Alivua miwani. "Nilifika nikitaka kumwambia. Kisha nikaiona filamu mezani, kipande kidogo hivi. Nikakichukua. Akanishika mkono, nikamsukuma. Nilisikia meza. Nikafuta picha, nikaondoka, nikaichoma filamu jikoni kwangu. Nikavaa shati jingine nikarudi kazini."

"Hukumwitia mtu."

"Hapana."

"Dakika kumi na tatu alilala pale mpaka Fundi alipofika. Ulijua anakuja. Ulimwacha yeye amkute."

Karani aliirudisha miwani usoni. Inspekta alisukuma karatasi karibu zaidi.

"Hujamaliza. Kuna watu saba kwenye hii picha."

Mzee aliinamisha kichwa. Kalamu iligusa karatasi, ikainuka, ikagusa tena. Aliandika jina lake lote, majina matatu, na mbele yake akaandika cheo alichokuwa nacho siku ile. Kisha, kama alivyozoea kufanya kwenye tovuti, akaongeza mstari wa maelezo: Anafunga.

Inspekta alichukua karatasi, akamwachia Sajini kazi ya kuandika maelezo rasmi.

Fundi alikuwa kwenye korido ya kituo, amebadilisha gauni, mkoba mapajani. Aliposimama, Inspekta alimwashiria akae, naye akakaa kando yake.

"Hospitali wamepiga," Inspekta alisema. "Mwalimu amefumbua macho. Haongei bado, lakini ukimwambia abane kidole anabana."

Fundi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Na huyu?"

"Amesema yote. Ameandika kwa mkono wake. Nyapara naye atasaini. Kesho saa tatu faili litakuwa mezani kwa jopo, nitalipeleka mwenyewe."

"Naweza kuiona?"

Inspekta alimpa picha. Fundi aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu ya nyuso moja moja, wanawake sita nyuma ya nondo, kisha mtu mwenye ufunguo, kisha kona zote za picha, ukuta, ubao, kivuli cha mpigapicha chini. Akarudia tena tangu mwanzo.

"Baba yuko wapi hapa?"

"Hayumo," Inspekta alisema.

Fundi aliendelea kuitazama. Watu walipita koridoni, mlango ukafunguliwa na kufungwa.

"Hayumo," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, kama anayejaribu kiatu kama kinamtosha. Akaiweka picha kifuani, akaishikilia hapo kwa mikono miwili.